Nilimkisia Taiga miezi miwili: mbwa anapowashwa na mimi nilipochelewa kumpeleka kwa daktari

Kilichoniamsha ule usiku ni mguu wa Taiga unagonga bati la banda lake, ko ko ko ko, inakata, alafu inaanza tena. Ilikuwa mwezi wa tatu mwishoni, masika ndo imeanza hapa Kibaha, saa nane ya usiku hivi, nikajua tu mbwa anajikuna, nikageukia upande wa pili nikalala. Naanza na hilo kwasababu ule ndo ulikuwa usiku wa kutoka na tochi nikamwangalia, na sikutoka, na nikaendelea kutotoka kwa wiki mbili nzima.

Taiga ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, kifua cheupe, kilo 19 alipokuwa mzima. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama yangu mzazi na wanangu wawili, uzio wetu ni wa michongoma tu, kwahiyo mbwa kwetu sio wa kupendezesha nyumba. Usiku tunalala kwasababu yeye yupo macho. Na ndo maana roho inaniuma hadi leo nikikumbuka, mtu anakulinda kila siku alafu yeye akiumwa unamfanyia majaribio.

Nilipokuja kumshika vizuri mchana nikakuta kingo za masikio zimeanza kunyonyoka manyoya, na viwiko vya miguu ya mbele vina gamba jeupe kama mba iliyogandamana. Nikampindua tumbo juu, nikaona kiroboto mmoja anakimbia kuelekea mapajani. Hapo hapo nikaamua: viroboto. Sikuangalia tena kitu kingine. Niliona jibu moja nikaacha kutafuta, na nadhani wengi wetu tunaofuga ndo tunapoanguka hapo, maana mbwa kuwa na kiroboto haimaanishi kiroboto ndo anayemnyonyoa manyoya.

Nikaanza kumwogesha na sabuni ya unga ya kufulia, na brashi, kila baada ya siku moja. Nilidhani uchafu ukiisha na mwasho unaisha. Ngozi ikakauka ikapasuka pasuka, akazidi kujikuna, nikazidi kumwogesha. Baadae daktari ndo akanielewesha kwamba ngozi ya juu ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na uchachu wake sio sawa na wa ngozi ya binadamu, sabuni kali inatoa yale mafuta yanayomkinga, mwasho unakuwa mwingine juu ya ule wa mwanzo. Yaani nilikuwa nachubua kidonda nikijua nakisafisha.

Jirani yetu mzee, ambaye namheshimu sana na ana mbwa wanne, akanishauri oili chafu ya gari. Mpake mwili mzima, mweke juani, wiki moja tu. Hii naijua, nimeiona tangu nikiwa mdogo, karibu kila mtaa kuna mbwa mweusi wa oili. Mama yangu ndo aliyekataa, akasema "mwanangu, wewe ungepakwa hiyo ungekaa nayo?" Namshukuru mpaka kesho. Ile oili ina mabaki ya vyuma na kemikali za injini, inapita kwenye ngozi hasa ikiwa na vidonda, na mbwa lazima atajiramba, kwahiyo inaingia na tumboni, ini na figo ndo zinalipa. Ni kweli inawaziba wadudu pumzi na wachache wanakufa, ndo maana watu wanaona kama imesaidia, ila wanaozama ndani ya ngozi wanabaki, na mbwa anabaki na sumu.

Sasa baada ya kukataa oili nikaenda kufanya kitu ambacho kilikaribia kumuua.

Nilipita duka la dawa za mifugo nikasema nina mbwa anawashwa, nikapewa kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya amitrazi, asilimia 12.5. Simlaumu muuzaji, mimi sikumwuliza chochote zaidi ya bei. Kwenye karatasi yake maelekezo yalikuwa ya ng'ombe, mililita 2 kwa kila lita moja ya maji. Ndoo yangu ilikuwa ya lita 5, kwahiyo ilitakiwa mililita 10 tu. Mimi nikamimina vifuniko viwili vilivyojaa kwa kukadiria, baadae nilivyopima kile kifuniko kwa maji na bomba la sindano nikakuta vyote viwili vinafika 40. Mara nne. Na ile dawa nikampaka mpaka kwenye vidonda, na sikumzuia kujiramba wakati anakauka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa saba nikamwita kula, hakuinuka. Nikadhani amechoka. Saa tisa mwanangu wa kwanza akaja dukani kwangu anakimbia, "mama, Taiga anatembea kama amelewa." Nikakuta anayumba, mate yanamtoka, masikio ya baridi kabisa na jua lile la mchana, nikimwita ananiangalia kama hanioni. Nikaweka mkono kifuani, moyo unapiga taratibu mno, nikahesabu mwenyewe, nikaanza kulia.

Bajaji ya kwanza ikakataa kubeba mbwa. Ya pili nikamwambia kijana nitalaza kanga mbili kwenye kiti na nitamlipa ya kwenda na kurudi, akakubali. Kabla ya kutoka nilikuwa nimempigia simu daktari wa mifugo, namba nilipewa na mteja wangu, akaniambia hivi: mwoshe sasa hivi kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni laini, vaa mifuko mikononi, alafu mfunge shuka asipoteze joto, na njoo na kile kichupa. Hicho cha kichupa nawaomba mkikumbuke. Daktari akishajua kilichompata ni kitu gani na kiasi gani, hapotezi muda kukisia. Mimi nilishakisia vya kutosha.

Alikaa pale na dripu mpaka kesho yake jioni. Daktari akasema dawa yenyewe sio mbaya, hata mbwa huwa inatumika kwa upele wa aina fulani, ila kwa kipimo chake na mtu anayejua anafanya nini, ikizidi inateremsha joto la mwili na mapigo ya moyo na kupandisha sukari kwenye damu. Akanieleza pia kuhusu zile dawa nyingine za kunyunyizia mifugo za jamii tofauti, zikimzidi mbwa anatoa mate, anatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo, na hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Aliposimama ndo akaanza kumpima ngozi, na hapa nataka nikae kidogo maana sikuwahi kuona mtu anamwangalia mbwa hivo.

Kwanza hakumgusa. Aliniuliza maswali. Ameanza lini, ameanzia wapi, analala wapi, analala na nani, anakula nini, kuna paka nyumbani, mbwa wa jirani wanaingia? Alafu akaniuliza, "mama, na nyie nyumbani hamuwashwi?" Nikataka kusema hapana, nikajikuta nimevuta mkono wa gauni. Nilikuwa na vipele vidogo vyekundu ndani ya mikono yote miwili, wiki kama tatu, nikidhani ni joto. Na binti yangu mdogo alikuwa navyo tumboni, nilimpeleka zahanati akapewa dawa ya kupaka na ya kunywa, zinatulia vinarudi. Yeye ndo anambeba Taiga kama mtoto kila akitoka shule. Mimi mbwa namfunga na kumfungua, mikono yangu. Hakuna aliyetuunganisha na mbwa, kwasababu mtoto alikwenda kwa daktari wa watu na mbwa hakwenda kwa yeyote.

Alafu akachukua ncha ya sikio la Taiga akaikunja, akaisugua taratibu kwa vidole viwili, na mguu wa nyuma wa Taiga ukaanza kupiga hewani wenyewe, ule ule mdundo wa usiku. Akasema hiyo peke yake haitoshi ila ukijumlisha kingo za masikio, viwiko, tumbo, na watu kuwashwa, anafikiria upele wa utitiri, wale wadudu wadogo sana wanaochimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Akakwangua ngozi kwa kisu butu sehemu kama tano, akaweka kwenye kioo na mafuta, akaangalia kwenye darubini. Hakuona hata mmoja.

Nilishangaa aliposema bado atamtibia utitiri. Akanieleza kwamba wale wadudu ni wachache kwenye ngozi na mbwa anawang'oa mwenyewe kwa kujikuna, mara nyingi unakwangua usiwapate, kwahiyo kutowaona sio kwamba hawapo. Alichokuwa anakitafuta zaidi kwenye darubini ni utitiri wa aina nyingine, wale warefu wanaokaa kwenye shina la unywele, maana wale wakiwepo kuna dawa hataki kabisa kuigusa. Nitarudi kwa hao.

Na viroboto? Akachana manyoya ya kiunoni karibu na mkia kwa chanuo la meno ya karibu karibu, ule uchafu mweusi kama pilipili manga akaudondoshea kwenye karatasi ya chooni aliyoilowesha. Baada ya muda ukaacha wekundu wa kutu. Ni kinyesi cha kiroboto, damu ya mbwa iliyosagwa. Kwahiyo hata viroboto walikuwepo, sikukosea, ila walikuwa ni nusu tu ya habari. Hiki kipimo nakifanya mwenyewe nyumbani sahivi, karatasi na maji tu, kikitoka weusi ambao hauachi rangi ni udongo.

Akanifundisha kusoma sehemu. Mbwa anayejing'ata kiunoni, shina la mkia na nyuma ya mapaja, fikiria viroboto kwanza, na kuna mbwa wana aleji ya mate ya kiroboto, wachache tu wanatosha kumvuruga wiki nzima hata ukimkagua usiwaone. Kingo za masikio na viwiko, utitiri. Anayeramba vidole vya miguu na kujisugua uso kwenye ukuta, makwapa mekundu, masikio yananuka, hapo unaanza kufikiria aleji ya vumbi, chavua ya maua, au chakula, na fangasi wanaofuata nyuma yake. Sio sheria, alisisitiza hilo, ila ni mahali pa kuanzia, na mimi nilikuwa nimeyaona masikio tangu siku ya kwanza.

Matibabu yenyewe yalikuwa mepesi kuliko nilivyofikiri. Alimpima kilo kwanza, alafu akampa kidonge cha kutafuna, vile vinavyoua viroboto, kupe na utitiri kwa mara moja, cha kurudia baada ya mwezi, akauliza kama amewahi kupata kifafa maana vidonge vya jamii hiyo havimfai kila mbwa mwenye degedege. Ngozi ilikuwa imeshaingia bakteria, vile vipele vya usaha na magamba ya duara, akampa antibayotiki ya wiki 3, na shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, mara mbili kwa wiki, ambayo unapaka alafu unakaa naye dakika 10 kabla ya kusuuza. Dakika kumi na mbwa mwenye povu ni ndefu, mwanangu alikuwa anamhesabia kwa saa ya simu na kumwimbia.

Antibiyotiki siku ya tisa ngozi ilikuwa inapendeza na nilitamani kuacha niokoe vidonge vingine nivitunze. Sikuacha. Dokta alishaniambia juu juu inapona mapema, ndani bado.

Mwasho haukuisha siku ile. Wiki ya kwanza nilidhani hata umezidi, nikampigia, akaniambia wadudu wakifa mwili bado unawakataa, nipe wiki mbili mpaka nne. Kwahiyo nikaanza kuandika. Mimi ni mtu wa vipimo, nina daftari la wateja, nikamfungulia Taiga ukurasa wake: kila Jumapili nampiga picha sehemu zile zile kwa simu, na napima kile kipara cha sikio na cha kiwiko kwa futi yangu ya kupimia nguo. Kiwiko cha kulia kilikuwa sentimita 6. Wiki ya tatu 4. Wiki ya sita unalazimika kutafuta kiko wapi. Usiku ko ko ko ikawa mara mbili, mara moja, alafu siku moja nikashtuka nimelala mpaka asubuhi. Vipele vyetu na sisi vikakauka bila dawa nyingine, kwasababu utitiri wa mbwa hauwezi kuendelea kuzaliana kwenye ngozi ya mtu, unatuuma tu na kutuwasha mpaka mbwa apone.

Kazi kubwa ilikuwa banda. Matambara yote aliyokuwa analalia nilichoma moto. Utitiri ukiwa nje ya mbwa unaishi siku chache tu, huo sio tatizo sana, viroboto ndo tatizo. Wale unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo, wengi wapo chini kama mayai na viluwiluwi kwenye vumbi na nyufa, na kile kifuko chao cha mwisho kabla ya kuwa wakubwa kinaweza kukaa miezi kikisubiri kusikia mtikisiko wa mnyama anayepita. Na unyevu wa masika na joto la huku Pwani ndo wanaoupenda. Nikafagia kila siku, nikaziba nyufa za mbao kwa saruji maana kupe wa mbwa wanapanda ukutani kujificha humo, matandiko nikaweka magunia mawili ya kubadilishana, moja linafuliwa maji ya moto na kuanikwa juani wakati lingine linatumika. Na paka wetu naye ikabidi apate dawa yake, ya kwake, nasisitiza ya kwake, kwasababu dawa nyingi za kudondoshea mbwa mgongoni zina permetrini, sumu ya wadudu, na paka ikimgusa anaweza kutetemeka mpaka kufa. Hata paka kulala kwenye ubavu wa mbwa aliyepakwa leo ni hatari.

Sasa wale utitiri warefu. Mwezi wa saba yule mzee jirani alikuja, akaniita nje, ana mtoto wa mbwa wa miezi mitano, manyoya yametoka kuzunguka macho na kwenye miguu ya mbele, hajikuni sana. Mtu alimpa krimu ya binadamu ya aleji, ya steroidi, akampaka wiki mbili, na kipara kikasambaa mpaka mabegani na kuanza usaha. Nikamwambia "shikamoo mzee, naomba safari hii tusimpake kitu, twende wote." Tukaenda. Darubini ikaonyesha mara moja, wamejaa. Hao mtoto anawapata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, karibu kila mbwa anao wachache na hawamsumbui, hawaambukizi mbwa mkubwa mwenzake wala mtu, wanazidi pale kinga ya mwili ikilegea. Na steroidi kazi yake ni kulegeza kinga. Ndo ile dawa ambayo dokta hakutaka kuigusa kwa Taiga kabla hajahakikisha. Yote mawili mtaani tunayaita upele, lakini dawa inayomtuliza mmoja inamharibu mwingine, na kwa macho yangu mimi nisingeweza kuwatofautisha.

Steroidi zina kazi zake, nisieleweke vibaya, mbwa mwenye aleji anaweza kuzihitaji siku chache apumzike. Ila anakunywa maji sana, anakojoa sana, ana njaa muda wote, na akiwa amezitumia muda mrefu huzikatishi ghafla. Na ivermektini ya ng'ombe nayo, ile sindano ya minyoo na wadudu, najua wengi tunawachoma mbwa wetu sisi wenyewe, kuna mbwa wa koo za kuchunga kondoo, koli na machotara wao, wana hitilafu ya kurithi inayofanya dawa ile ipite mpaka kwenye ubongo. Mbwa wetu wa mtaani nani anajua babu yake alikuwa nani. Panado na zile dawa za maumivu za nyumbani msimpe kabisa, hata kama analia.

Mwezi wa kumi vuli ilipoanza, Taiga akaanza tena. Moyo ulishuka. Lakini safari hii nilitoka na tochi usiku ule ule wa kwanza. Masikio kwa nje mazima. Viwiko vizima. Alikuwa anaramba katikati ya vidole, manyoya pale yamegeuka rangi ya kutu kwa mate, na ndani ya sikio kuna harufu ya chachu kama mkate uliochacha. Sikumpa kitu, nilipiga picha, nikasubiri asubuhi, nikampeleka. Fangasi, na dokta akahisi aleji nyuma yake, maana alikuwa na miaka miwili na aleji za mazingira nyingi zinaanzia kati ya miezi sita na miaka mitatu.

Tukajaribu chakula kwanza. Wiki 8, nyama ambayo hajawahi kula na wanga mmoja tu, kwetu ikawa sungura na viazi vitamu, hakuna dagaa, hakuna makombo, hakuna kipande cha andazi. Ni ngumu na ni gharama, sitawadanganya. Wiki ya tatu nikagundua binti yangu anampa biskuti kila asubuhi akienda shule, kwa upendo tu, tukaanza kuhesabu upya. Mwisho wake hakubadilika, kwahiyo sio chakula, akarudi kwenye ugali na dagaa wake kwa furaha. Ni aleji ya kitu kinachopeperuka hapa kwetu. Haiponi. Inatunzwa: namfuta miguu kwa kitambaa chenye maji akitoka kwenye majani, namkausha katikati ya vidole, masikio namsafisha kwa dawa yake kila wiki, shampuu mvua zikianza, kidonge cha viroboto hakikosi mwezi maana mbwa mwenye aleji kiroboto mmoja anamvukisha mstari. Miezi mingi yuko vizuri, miezi miwili ya mwaka tunahangaika kidogo.

Watu huwa wananiuliza, sasa ni lini ya kwenda na lini ya kusubiri? Mimi nasubiri siku mbili tatu kama anajikuna tu, anakula, anacheza, ngozi haina kidonda wala kipara. Hapo namkagua, nafanya kipimo cha karatasi, naangalia tarehe ya kidonge. Zaidi ya wiki bila kupungua naenda hata kama haionekani kitu. Naenda siku hiyo hiyo nikiona usaha, harufu, kidonda chenye maji kinachokua kutoka asubuhi mpaka jioni, sikio analolipigapiga na kuinamisha kichwa, au mtu yeyote nyumbani ameanza kuwashwa. Mtoto wa mbwa sisubiri kabisa. Na siangalii ngozi peke yake, nafunua mdomo kuangalia fizi, zikiwa nyeupe na amelegea, hataki kula, ana homa, hiyo inaweza kuwa kupe wameshampa ugonjwa kwenye damu na shampuu haina kazi hapo. Uso kuvimba ghafla, kuhema kwa shida, kuyumba, kutetemeka, hizo ni za kutoka mbio hata usiku wa manane. Uvimbe wenye kitundu katikati huku kwetu unaweza kuwa funza wa yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na mchanga, usimkamue kwa nguvu akapasukia ndani.

Tafuteni namba ya daktari wa mifugo leo, mbwa akiwa mzima, mkimpeleka chanjo ya kichaa mkaombe kabisa na aikague ngozi. Ile siku ya bajaji mimi namba niliipata kwa bahati tu, mteja alikuja kuchukua gauni lake.

Juzi usiku nikasikia tena, ko ko ko. Nikavaa kanga, nikatoka na tochi ya simu, nikakaa kwenye ndoo mbele ya banda. Nikaanza na masikio, nikashuka makwapa, viwiko, tumbo, nikamaliza na vidole kimoja kimoja. Kidole cha tatu mguu wa nyuma kulikuwa na kupe mmoja, mdogo, nikamtoa na kibano karibu kabisa na ngozi. Fizi za pinki. Nikaandika tarehe kwenye daftari, nikarudi kulala.